Mtakatifu Mary MacKillop: shule ilianzia kwenye banda la farasi

Leo twende mbali kidogo, mpaka Penola, kimji cha Australia Kusini.

Mary alizaliwa tarehe 15 Januari 1842 huko Melbourne, wa kwanza kati ya watoto wanane. Wazazi wake walitoka Uskoti. Baba alikuwa msomi, ila pesa hazikukaa mkononi mwake, basi binti akaanza kazi mapema ili nyumbani wale. Mwaka 1860 akaenda Penola kufundisha watoto wa ndugu zake, na huko akakutana na paroko, Padre Julian Tenison Woods. Parokia ya padre huyu ilikuwa kubwa ajabu, na watoto wa Kikatoliki wa mashambani hawakuwa na shule.

Mwaka 1866 wakaanza. Jengo lenyewe? Banda la farasi! Mdogo wake John alilikarabati, dada zake wakasaidia kufundisha. Mwenye ada alilipa, asiye nayo alisoma vilevile. Hapo ndipo likazaliwa Shirika la Masista wa Mtakatifu Yosefu.

Sasa hapa ndipo panaponigusa. Askofu Laurence Sheil wa Adelaide, aliyekuwa amelipokea shirika hilo, alitaka kubadilisha kanuni yake. Mary alieleza kwa heshima kwamba hawezi kuikubali kanuni mpya. Tarehe 22 Septemba 1871 askofu akamtenga na Kanisa. Alikuwa na miaka 29 tu. Hebu fikiria: sista, halafu hana ruhusa ya kupokea Komunyo! Masista wengi waliondolewa, shule kadhaa zikafungwa. Kumbe aliyewapa nyumba ya kukaa alikuwa Myahudi, Emanuel Solomon. Mary hakumsema askofu vibaya, wala hakuanzisha kanisa lake (siku hizi wangapi wangevumilia?). Alisali, akangoja.

Februari 1872, askofu akiwa mgonjwa wa kufa, alimwondolea adhabu hiyo. Mwaka uliofuata Mary alisafiri mpaka Roma kuitetea kanuni ya shirika, akaonana na Papa Pius IX.

Mwaka 1902 alipata kiharusi. Hata hivyo, mwaka 1905 masista walimchagua tena kuwa mama mkuu wao, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Sydney tarehe 8 Agosti 1909, ndiyo siku tunayomkumbuka. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 17 Oktoba 2010, wa kwanza kutoka Australia.

Mtakatifu Mary MacKillop, utuombee.