Grace Hopper na Maneno ya Kompyuta

Ukimtuma mwenzako jembe naye akakuletea shoka, kazi ya shamba haitaendelea. Watu wanaofanya kazi pamoja hawana budi kukubaliana maana ya kila neno. Kompyuta nazo zina haja hiyo. Soma habari za mwanamke aliyelishughulikia jambo hilo.

Grace Hopper alizaliwa mjini New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na umri wa miaka saba alifungua saa za nyumbani kwao, moja baada ya nyingine, apate kuona jinsi zinavyofanya kazi. Alisomea hesabu na fizikia, kisha akawa mwalimu wa hesabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na Jeshi la Wanamaji. Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kuitumikia Mark I, kompyuta yenye urefu uliozidi mita 15.

Siku zile kompyuta ilipewa maagizo kwa tarakimu na alama. Watu waliozifahamu walikuwa wachache, na kosa dogo liliharibu hesabu nzima. Hopper alitaka maagizo yaandikwe kwa maneno ya kawaida, ili watu wengi zaidi waweze kuitumia mashine hiyo. Aliambiwa kwamba haiwezekani, kwa kuwa kompyuta haifahamu Kiingereza. Hata hivyo hakukata tamaa. Yeye na wenzake walitunga lugha ya FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya Kiingereza yenye maana ya soma, linganisha, hamisha na simama. Programu maalumu iliyageuza maneno hayo kuwa tarakimu.

Likazuka tatizo jingine. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake, hivyo programu iliyoandikwa kwa ajili ya mashine moja haikufaa kwa nyingine. Mwaka 1959 wataalamu walikutana, wakaunda lugha moja iitwayo COBOL. Mambo yake mengi yalitoka katika FLOW-MATIC, na Hopper alikuwa mmoja wa washauri. Lakini kampuni ziliendelea kuitumia lugha hiyo kwa namna mbalimbali. Mwaka 1967 Jeshi la Wanamaji lilimwita Hopper, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, aisanifishe. Kikundi chake kiliandika programu za majaribio, ambazo zilionyesha kama kompyuta inalitii kila neno jinsi ipasavyo.

Hopper alistaafu tena mwaka 1986, akiwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79. Alifariki tarehe 1 Januari 1992.

Lugha ambayo maneno yake yamekubaliwa na wote huitwa lugha sanifu. Kiswahili unachosoma katika kitabu hiki ni sanifu pia. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kigoma na wa Mtwara huelewa ukurasa huu kwa namna moja.

Zoezi
1. Kwa nini Hopper alitaka kutumia maneno badala ya tarakimu?
2. Programu za majaribio zilikuwa na kazi gani?
3. Andika maagizo matano ya kuchemsha chai. Wape wenzako wawili wayasome. Je, wote wameyaelewa sawasawa?