Marshall: Jenerali aliyegeuka mjenzi wa Ulaya baada ya vita

KILA mara nchi ya Afrika inapotoka vitani, hakosi kiongozi wa kusimama jukwaani na kudai kwamba dawa ni mpango kama ule wa Marshall. Hata serikali ya Ujerumani, mnamo 2017, ililitumia jina hilo kuuita mpango wake wa kushirikiana na bara hili.

Aghalabu wanaolitaja jina hilo huwa na fedha tu akilini. Lakini maisha ya mwenye jina yanafunza kwamba fedha zilikuwa sehemu ya pili ya mpango. Sehemu ya kwanza ilikuwa sharti: wanaosaidiwa wakae kitako, wapatane, kisha waandike wenyewe mahitaji yao.

George Catlett Marshall alizaliwa Desemba 31, 1880, katika mji wa Uniontown, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Babake alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe aliyepoteza sehemu kubwa ya mali yake George akiwa angali mtoto.

Shuleni hakung'aa. Alipotaka kujiunga na chuo cha kijeshi cha Virginia, alimsikia kakake mkubwa akimsihi mama yao asimruhusu, kwa hofu kwamba angeiaibisha familia. Maneno hayo yalimchoma moyo. Alihitimu mnamo 1901 akiwa amepanda hadi cheo cha juu kabisa miongoni mwa wanafunzi wenzake.

Mnamo 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alivuka bahari pamoja na kikosi cha kwanza cha Marekani kwenda Ufaransa. Kazi yake haikuwa kushika bunduki bali kupanga. Mwaka uliofuata, alisimamia kuhamishwa kwa mamia ya maelfu ya wanajeshi kutoka uwanja mmoja wa mapambano hadi mwingine, usiku kwa usiku, bila adui kung'amua.

Vita vilipokwisha, mataifa yaliyoshinda yaliitoza Ujerumani fidia kubwa. Uchumi wa nchi hiyo uliporomoka, chuki ikamea, na miaka 20 baadaye Ulaya ikawaka moto tena.

Marshall aliapishwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani mnamo Septemba 1, 1939, siku ile ile ambayo wanajeshi wa Adolf Hitler waliivamia Poland. Jeshi alilokabidhiwa halikufika watu 200,000. Kufikia 1945 lilikuwa na zaidi ya watu milioni nane. Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, alimsifu kuwa ndiye mpangaji wa ushindi.

Hata hivyo, heshima aliyoitamani kila jenerali ilimpita. Rais Franklin Roosevelt alipomtaka aseme kama angependa kuongoza uvamizi wa Normandy, Marshall alikataa kujiombea cheo na kumwachia Rais uamuzi. Kazi hiyo ikamwendea Dwight Eisenhower, ambaye baadaye alikuwa Rais. Marshall alibaki ofisini Washington. Mnamo 1944, mwana wa mkewe, aliyempenda kama wake wa kumzaa, aliuawa vitani nchini Italia.

Alistaafu mnamo Novemba 1945. Lakini kabla hajaonja raha ya bustani yake, Rais Harry Truman alimtuma China kuwapatanisha Chiang Kai-shek na wakomunisti wa Mao Zedong.

Huko alishindwa. Mapema 1946 pande hizo mbili zilikubali kusitisha mapigano, lakini kila upande uliamini ungeshinda kwa mtutu wa bunduki. Misaada ya Marekani haikuweza kununua mapatano ambayo wenyewe hawakuyataka. Marshall aliondoka Januari 1947 mikono mitupu, na mnamo 1949 wakomunisti wakatwaa nchi.

Punde aliporejea, aliapishwa kuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni. Ulaya ilikuwa imetoka katika kipindi kimojawapo cha baridi kali zaidi katika karne hiyo. Makaa ya mawe yalikuwa haba, madaraja na reli zilikuwa zimevunjwa, na wakulima hawakuwa tayari kuuza nafaka kwa fedha zisizo na thamani. Nchini Uingereza, iliyoshinda vita, mkate ulikuwa ukigawanywa kwa vipimo, jambo ambalo halikuwa limefanyika hata wakati wa mapigano yenyewe.

Marshall alisafiri hadi Moscow mnamo Machi kujadili mustakabali wa Ujerumani. Baada ya majuma kadhaa ya mazungumzo yasiyozaa matunda, alirudi akiamini kwamba kiongozi wa Urusi, Joseph Stalin, hakuwa na haraka, kwa kuwa kuporomoka kwa Ulaya kungemfaa.

Mnamo Juni 5, 1947, alipokuwa akitunukiwa shahada ya heshima katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa hotuba fupi iliyobadili historia. Alieleza jinsi biashara kati ya mashamba na miji ya Ulaya ilivyokatika. Akasema Marekani ingesaidia, na kwamba adui aliyelengwa alikuwa njaa na umaskini wala si nchi yoyote. Hakutaja kiasi cha fedha. Badala yake aliweka wazi kwamba haingefaa Marekani iwaandikie watu wa Ulaya mpango wao. Wao ndio waliopaswa kuanza, na ikiwezekana wote kwa pamoja.

Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Uingereza, Ernest Bevin, alizipata habari hizo kupitia redio na kuchangamka mara moja. Yeye na mwenzake wa Ufaransa, Georges Bidault, walimwalika Vyacheslav Molotov wa Urusi mjini Paris. Molotov alifika, akasikiliza, kisha akaondoka mapema Julai, akilalamika kwamba mpango wa pamoja ungeingilia uhuru wa kila nchi. Poland na Czechoslovakia, zilizokuwa zimeonyesha hamu ya kushiriki, zilishurutishwa na Moscow kujitoa.

Nchi 16 zilibaki mezani. Kikao hakikuwa chepesi. Ufaransa, iliyovamiwa na Ujerumani mara tatu katika muda wa miaka 70, iliogopa kuona viwanda vya jirani huyo vikifuka moshi tena. Kila nchi ilifika na orodha yake ya mahitaji, na Marekani ikakataa kupokea mkusanyiko wa orodha tu. Ilitaka nchi hizo zieleze jinsi zitakavyopunguza vizuizi vya biashara baina yao na kusaidiana. Wahenga walisema kuwa jifya moja haliinjiki chungu.

Kazi nyingine ilikuwa nyumbani. Bunge la Congress lilikuwa mikononi mwa chama cha Republican, wapinzani wa Truman. Rais alijua kwamba mswada wenye jina lake ungezikwa, kwa hivyo akataka mpango uitwe kwa jina la Marshall, aliyeheshimiwa na pande zote. Jenerali huyo alizunguka nchini akizungumza na wakulima, wafanyabiashara na vyama vya wanawake, kana kwamba anawania kiti cha siasa, ilhali maisha yake yote hakuwahi kuwania chochote.

Seneta Arthur Vandenberg wa Republican alisaidia kuupitisha mswada huo. Wakomunisti walipotwaa mamlaka jijini Prague mnamo Februari 1948, waliosita waliacha kusita. Truman alitia saini Aprili 3, na baada ya siku chache meli iliyosheheni ngano ilikuwa njiani kutoka Galveston, Texas, kuelekea Bordeaux, Ufaransa.

Utaratibu wenyewe unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio husahaulika. Mkulima wa Ufaransa aliyehitaji trekta hakupewa bure. Aliinunua kwa faranga zake. Kiwanda cha Marekani kililipwa dola na serikali ya Marekani, nazo faranga za mkulima zikawekwa katika akaunti maalumu ya serikali ya Ufaransa. Akiba hiyo ilitumiwa kujenga upya nchi, kwa makubaliano na maafisa wa Marekani. Hivyo msaada mmoja ulifanya kazi mara mbili.

Ujerumani Magharibi iliitumia akiba ya namna hiyo kuipa mtaji benki ya maendeleo ya KfW, iliyoanzishwa mnamo 1948, ambayo iliikopesha mitaji hiyo kwa viwanda na ujenzi wa nyumba. Mikopo iliporudishwa, ilikopeshwa tena. Benki hiyo hiyo miaka mingi baadaye ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa miradi ya umeme wa mvuke huko Olkaria, nchini Kenya. Nchi iliyopokea ikawa nchi inayotoa.

Kufikia mwisho wa mpango, Marekani ilikuwa imetoa takriban dola bilioni 13, sehemu kubwa ikiwa ruzuku isiyolipwa. Uingereza ilipata fungu kubwa zaidi, ikifuatwa na Ufaransa. Kufikia 1951, viwanda vya nchi zilizoshiriki vilikuwa vikizalisha kupita kiwango cha kabla ya vita. Shirika zilizounda mnamo 1948 ili kuratibu misaada hiyo ndilo lililogeuzwa baadaye kuwa OECD.

Mpango huo haukosi wakosoaji. Wapo wanahistoria wanaosema Ulaya ilikuwa imeanza kuinuka yenyewe, na kwamba fedha hizo zilikuwa sehemu ndogo ya pato lake. Marekani nayo haikutoa kwa huruma pekee, kwani ilihitaji masoko ya bidhaa zake na ilitaka kuuzuia ukomunisti.

Tena makoloni hayakuwa na kiti chao mjini Paris. Wanajeshi wa KAR kutoka Kenya na majirani zake, waliopigana hadi Burma, walirejea katika nchi zilizokuwa bado chini ya mkoloni aliyekuwa akisaidiwa kujijenga. Uholanzi ilipokea misaada huku ikipigana kuwarudisha Waindonesia chini ya utawala wake. Ni baada ya mashambulizi yake ya Desemba 1948 ambapo Marekani ilisimamisha fungu lililokuwa limetengewa Indonesia.

Marshall mwenyewe hakungoja kuona mavuno akiwa wizarani. Figo lake moja liliondolewa kwa upasuaji, naye akajiuzulu Januari 1949. Aliongoza shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, kisha akaitwa tena kuwa Waziri wa Ulinzi mnamo 1950 vita vya Korea vilipochacha.

Siasa hazikumsaza. Mnamo 1951, Seneta Joseph McCarthy alisimama bungeni na kumhusisha na njama ya kuwanufaisha wakomunisti, akitaja yaliyotokea China. Marshall hakujibizana naye. Mnamo 1953 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanajeshi kwa taaluma akituzwa kwa ajili ya amani. Wapo waliomzomea ukumbini jijini Oslo, wakikumbuka kwamba aliongoza jeshi la Marekani wakati mabomu ya nyuklia yalipodondoshwa nchini Japan.

Alikataa kuandika kitabu cha maisha yake, licha ya wachapishaji kumwahidi fedha nyingi. Alifariki Oktoba 16, 1959, jijini Washington, na kuzikwa katika makaburi ya Arlington.

Ukiziweka China na Ulaya bega kwa bega, utaona kwamba mtu alikuwa yule yule na taifa lililotoa lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa miongoni mwa wapokeaji. China, kila upande ulitaka msaada ili umshinde mwenzake. Ulaya, mahasimu wa jana walikubali kuandika mahesabu yao katika daftari moja.

Sudan Kusini ilitiririkiwa na misaada mingi baada ya mapatano ya 2005 na uhuru wa 2011, lakini mnamo Desemba 2013 viongozi wake waligeuziana mitutu. Wafadhili walikuwepo. Meza ya wenyewe kwa wenyewe, ile aliyoidai Marshall kabla ya kutaja hata dola moja, ndiyo iliyokosekana.

Anayeomba mpango wa Marshall leo basi aanze hapo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kilichoifaa Ulaya ni kwamba iliombwa kuja na mpango wake kabla ya kunyoosha mkono.