BIBI TITI MOHAMED: Dada wa wengi aliyebaki peke yake

Umeme umerudi, ngoja niandike kabla haujakatika tena.

Leo siasa za halmashauri tuziweke pembeni. Nataka tumzungumzie mama mmoja ambaye wengi wetu tunamjua kama jina la barabara katikati ya Dar es Salaam basi. Bibi Titi Mohamed. Najua mtu atauliza, binti wa Kikurya na mama wa pwani wapi na wapi? Vumilia, mwisho utaona.

Bibi Titi alizaliwa Dar mwaka 1926. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, mtu wa dini sana, na hakutaka binti yake asome shule ya serikali. Alipofariki, mama mtu ndiye aliyempeleka shule. Hakufika mbali, na akaolewa angali msichana mdogo. Kwa hiyo wewe uliyeishia form four kama mimi na unajiona huna lolote, tulia usome.

Kilichomtoa ni sauti. Mama alikuwa anaimba bwana! Aliimba kwenye maulidi, halafu akawa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Hapa lazima nieleze kidogo. Dar ya miaka ile wanawake walikuwa na vyama vya ngoma, hasa lelemama. Usidhani ni kucheza tu. Chama kilikuwa na viongozi, sare na michango yake. Mmoja akiozesha, wenzake wanajaa uani. Akifiwa, wanakuja kulala naye msibani. Mwanamke aliyetoka bara akafika mjini hana shangazi wala mama mdogo, chama ndicho kilikuwa ukoo wake. Ulikuwa udada wa kuchagua, na ulidumu mpaka kaburini.

Sasa twende 1955. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe Julai 7, 1954. Akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawaona wanaume watupu, akauliza wanawake wako wapi. Viongozi wakajibu kwamba tawi la akina mama lipo. Kumbe halipo! Ikabidi atafutwe mwanamke wa kusimama mbele za watu. Wengi waliona haya kutoka. Titi akatoka.

Kazi aliyoifanya baada ya hapo ndiyo inanishangaza hadi leo. Hakuanza na hotuba. Alienda nyumba kwa nyumba kwa viongozi wa vile vyama vya ngoma, akawaita, wao wakawaita wanachama wao. Akawafuata pia akina mama wapika pombe na wauza vitumbua. Ndani ya miezi michache TANU ikawa na wanachama wanawake wapatao 5,000. Yaani vyama vilivyozoea kushindana kwa nyimbo na sare vikajikuta ndani ya chama kimoja. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU, kwa hiyo kuna nyumba ambazo mke ndiye aliyekuwa na kadi. Akina mama walichanga pesa, wakawaficha watu, wakalinda mlangoni wakati vikao vinaendelea usiku. Nyumba ile tunayoiita uhuru, matofali mengi walibeba wao.

Titi akazunguka nchi pamoja na Mwalimu Nyerere, mtoto wa mkoa wetu huu wa Mara. Uhuru ulipopatikana Desemba 9, 1961 alikuwa mwanamke anayejulikana kuliko wote Tanganyika. Mwaka 1962 ikaundwa UWT, yeye akawa mwenyekiti. Akawa mbunge, akapewa na unaibu waziri.

Halafu upepo ukageuka. Uchaguzi wa 1965 alishindwa. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, likasema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Titi alikuwa nazo. Hakukubali, akaachia nafasi zake. Mimi nadhani Azimio lilikuwa na nia nzuri, ila na yeye namwelewa. Mwanamke asiye na elimu kubwa wala pensheni nono, uzee wake ulikuwa kwenye kodi ya vile vyumba.

Oktoba 1969 akakamatwa. Alishtakiwa pamoja na aliyekuwa waziri, Michael Kamaliza, na wengine wakiwemo wanajeshi, kwamba walipanga kuipindua serikali. Yeye alikana. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Nyerere alimsamehe, akatoka 1972.

Wadau, mimi sikuumia sana kwa kile kifungo. Kilichoniumiza ni alichokikuta nje. Mume alikuwa ameshampa talaka akiwa gerezani. Mali nyingi zimekwenda. Na marafiki wengi wa siasa wakawa wanampita mbali, wanaogopa kuonekana naye. Mama aliyewaita maelfu wakaitika, sasa hana wa kumgongea hodi. Aliishi kimya miaka karibu 20. Mwaka 1991, miaka 30 ya uhuru, ndipo gazeti la chama likamtaja tena kati ya mashujaa wa kupigania uhuru. Alifariki Novemba 5, 2000 katika hospitali moja Johannesburg, Afrika Kusini. Kisha tukabaki na barabara.

Sasa nije kwetu.

Huku Tarime na Serengeti udada wa wasichana kwa miaka mingi umepitia kwenye kisu. Waliokeketwa msimu mmoja wanakuwa rika moja, wanasaidiana mpaka uzeeni. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini Desemba ikifika bado wapo wanaotoroka usiku na kandambili mkononi. Anayetoroka anauokoa mwili wake, lakini rika analipoteza. Ndiyo maana zipo nyumba za kuwapokea, kama kituo cha Masanga hapa Tarime na Nyumba Salama ya Mugumu kule Serengeti, iliyofunguliwa 2014.

Mtoto wa baba yangu mdogo alitoroka hivyo hivyo. Alifikia nyumba moja ya namna hiyo, akajifunza cherehani humo humo. Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja tangu utoto. Alipokimbia, nilinyamaza. Nyumbani walisema ameaibisha ukoo, na mimi nikaogopa kuonekana niko upande wake. Tukikutana sokoni nilikuwa nageukia kwenye nyanya. Sasa niambie, nina tofauti gani na wale waliompita Bibi Titi njiani?

Leo ana cherehani yake, anashona sare za shule. Yeye na wenzake waliopita nyumba ile wana mchango wao. Kila mwezi kila mmoja anatoa alichonacho, na Desemba ikikaribia wananunua sabuni, maharage, taulo za kike na vitenge vya kujifunika, wanapeleka. Wakifika hawahutubii mtu. Wanapika pamoja na wale watoto, wanalala nao usiku ule, asubuhi wanaondoka. Mmoja wao alipojifungua, walikuja wote hospitali, na ndugu wa damu tulikuwa wawili tu. Wamejitengenezea rika lao bila kisu.

Nilipowaona pale wodini ndipo nikaanza kumsoma Bibi Titi, maana nilitaka kujua udada wa hivi unajengwaje na unavunjikaje. Nilichopata ni hiki. Kumwita mtu dada wakati ngoma inalia ni rahisi, wote tunaweza. Kazi ni siku ameanguka, halafu kumsogelea kunaweza kukugharimu. Bomba na wenzao walijua kukaa na mwenzao msibani. Siasa ilipowachukua, ikawafundisha kuogopa.

Mwezi uliopita nilienda kwa yule dada yangu. Sikuwa na maneno, nikampelekea mche wa sabuni wa kuongezea kwenye mchango. Akaupokea, akaniuliza kama nimekula. Desemba hii nimeomba niende nao.

Kama na wewe kuna mtu uliyempita njiani kwa kuogopa watu, hujachelewa. Bibi Titi tulimchelewesha miaka 20, tukampa barabara. Mwenzako mpe hodi angali hai.

Nawakilisha.