John Kirk wa Mbweni: Daktari aliyetibu homa ya kichwani kupitia tumboni

Jina la John Kirk lingali Zanzibar, hata kwa wasiomjua. Kima punju wa msitu wa Jozani amebeba jina lake katika vitabu vya wanasayansi, na Mbweni, kusini ya Mji Mkongwe, ndiko alikokuwa na nyumba na shamba la kujaribia mimea ya kigeni. Wengi humkumbuka kama balozi wa Uingereza aliyemshinikiza Sultan Barghash kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Lakini kabla ya ubalozi, Kirk alikuwa daktari.

Alizaliwa Scotland mwaka 1832 na kusomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi. Huko malaria iliwaangusha mmoja baada ya mwengine, na wengine wakiweweseka. Tiba yao ilikuwa vidonge vya Livingstone: kwinini iliyochanganywa na haluli kali, ikiwemo chumvi ya zebaki. Waliamini tumbo likisafishwa, homa itashuka na akili itarudi.

Wengine walipona. Mary, mke wa Livingstone, hakupona. Alifariki Shupanga mwezi Aprili 1862, na Kirk akiwa miongoni mwa waliomuuguza. Mwaka uliofuata Kirk mwenyewe alirudi kwao akiwa mgonjwa wa kuhara damu.

Mwaka 1866 alikuja Zanzibar kama daktari wa ubalozi, akapanda cheo hadi balozi mkuu. Aliondoka katika miaka ya 1880, na nyumba ya Mbweni ikawa ya Caroline Thackeray, mwalimu wa skuli ya wasichana waliokombolewa utumwani. Kirk alifariki Uingereza mwaka 1922, akiwa na miaka 89. Alikuwa hai mwaka 1897 Ronald Ross alipogundua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Kilichoponya kilikuwa kwinini. Haluli ilimmaliza nguvu mgonjwa tu.

Je, tumbo na ubongo havihusiani kabisa? Vinahusiana, ingawa si kwa njia waliyoidhania madaktari wale. Utumbo wetu una matrilioni ya bakteria, na unawasiliana na ubongo kwa mishipa ya fahamu, homoni na chembe za kinga. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba ubongo ukijeruhiwa, mchanganyiko wa bakteria tumboni hubadilika ndani ya siku chache, na ukuta wa utumbo huanza kuvuja. Uvimbe unaotokana na hali hiyo unaweza kuchelewesha ubongo kupona. Kwa binadamu utafiti bado unaendelea, na hakuna dawa ya bakteria iliyothibitishwa kutibu jeraha la kichwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, aliyeanguka mnazini au kwenye bodaboda akagonga kichwa, kisha akapoteza fahamu, akatapika, akachanganyikiwa au akasinzia kupita kawaida, apelekwe hospitali mara moja. Asipewe haluli wala dawa ya kusafisha tumbo. Kirk na wenzake walikuwa na ujasiri na elimu bora ya zama zao, lakini walitibu kwa kukisia, na gharama ya kukisia hulipwa na mgonjwa.