Von Neumann na kura ya upatu wetu

Ijumaa iliyopita, hapa nyumbani Azaiba, upatu wetu nusura uvunjike. Mwanangu alituandikia programu ya C ya kupanga zamu, ili asiwepo wa kusema fulani kapendelewa. Jina la kwanza likatoka la wifi yangu. Tukamwambia aanze upya: wifi. Mara ya tatu: wifi tena! Shangazi akanyamaza, na kimya cha shangazi mnakijua.

Mtoto hakufanya hila. Nilipokaa naye usiku kutafuta sababu, nikakutana na John von Neumann.

Huyu bwana alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1903, baba yake mtu wa benki. Yeye alipenda hesabu, baba akataka kazi ya kumlisha. Basi akasoma vyote viwili, na mwaka 1926 akapata udaktari wa hesabu pamoja na shahada ya uhandisi wa kemia. Mwaka 1930 akaenda Princeton, Marekani, na wakati wa vita alishiriki kutengeneza bomu la atomiki.

Baada ya vita, yeye na Stanislaw Ulam walihitaji namba nyingi za kubahatisha ili wakisie mwendo wa nyutroni. Kompyuta haijui kurusha shilingi. Inajua kupiga hesabu tu. Von Neumann akabuni njia. Chukua 1234, izidishe kwa yenyewe: 1522756. Tia sifuri mbele, iwe 01522756, kisha chukua nne za katikati: 5227. Fanya hivyo tena, utapata 3215. Zinaonekana za bahati, lakini ukianza na 1234 kesho, zitatoka zile zile. Na 7600 haitoki hapo ilipo, hurudi 7600 kila mara. Mwenyewe alilijua hilo, akawaonya wenzake kwamba namba za hesabu si bahati ya kweli. Alifariki kwa saratani mwaka 1957, ana miaka 53 tu.

Njia za leo ni nyingine, ila kanuni ni ile ile. Namba ya kuanzia huitwa mbegu. Katika C, ukiita rand bila kupanda mbegu kwa srand, programu huanza na mbegu 1 kila siku. Ndiyo siri ya wifi! Dawa yake ni kuandika srand(time(NULL)) mara moja tu, mwanzoni, ili saa ya kompyuta iwe mbegu. Kwa upatu yatosha. Kwa neno la siri la benki haifai, maana ajuaye saa aweza kukisia.

Jioni ya pili mwanangu akaiendesha mara kumi mbele yetu, majina yakabadilika. Ndipo tukapiga kura yenyewe. Shangazi akatoka wa mwisho, na hakununa.