HERMANN HELMHOLTZ: Daktari wa jeshi aliyepima jicho kabla ya leza kuzaliwa

Januari ikifika, mafundi wa nguo sokoni Kiminini, kule Trans Nzoia, hawapumui. Kila mzazi anataka sare ya mtoto wake kabla shule hazijafunguliwa. Muulize fundi yeyote mteja gani humsumbua zaidi. Atakwambia si mnene wala mwembamba, ni yule mtoto asiyetulia. Unamzungushia utepe kiunoni, yeye anageuka kutazama bodaboda. Ukikata kitambaa kwa kipimo hicho, hasara ni yako.

Sasa badala ya kiuno weka jicho, na badala ya mkasi weka leza. Vijana wengi mjini wamechoka na miwani inayoingia ukungu na kuteleza puani, wanaulizia upasuaji wa leza. Swali kubwa huwa moja: ile mashine inakata sawasawa kweli? Jibu lilianza kutafutwa zaidi ya miaka 170 iliyopita na jamaa ambaye hata hakutaka kuwa daktari.

Hermann Helmholtz alizaliwa Agosti 31, 1821, mjini Potsdam, karibu na Berlin, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari, na mshahara wa mwalimu ulikuwa ni ule ule wa kubana matumizi. Utotoni Hermann aliugua-ugua, na kukariri maneno kulimshinda. Lakini darasani wenzake wakisoma Kilatini, yeye alikuwa chini ya dawati akichora njia za miale ya mwanga kupitia lenzi.

Ndoto yake ilikuwa fizikia. Baba akamweleza ukweli: pesa hakuna. Njia iliyobaki ilikuwa chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin. Huko karo ilikuwa bure, ila ukihitimu unatumikia jeshi miaka minane. Akajiunga mwaka wa 1838, akiwa na umri wa miaka 17. Hakupata alichotaka, lakini hakukiacha pia.

Mwaka wa 1841 homa kali ilimlaza hospitalini. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa pale, alitibiwa bure, na posho yake ikawa inajikusanya tu. Alipopona alikuta ameweka akiba kidogo. Wengine wangejipongeza kwa sherehe. Yeye alinunua hadubini. Haikuwa ya maana sana, lakini ndiyo aliyoitumia kwa utafiti uliompa shahada mwaka uliofuata.

Jeshini aligeuza sehemu ya kambi kuwa maabara. Mwaka wa 1847 aliandika kwamba nishati haipotei, hubadilika umbo tu. Jarida kubwa la fizikia la wakati huo likakataa kuchapisha kazi hiyo. Akaitoa mwenyewe kama kijitabu, na leo kila mwanafunzi wa fizikia anaisoma kanuni hiyo. Mwaka wa 1848 aliachiliwa na jeshi kabla ya muda kuisha, na mwaka wa 1849 akawa profesa Königsberg, mji ambao siku hizi unaitwa Kaliningrad na uko Urusi.

Hapo ndipo jicho lilipomnasa. Mwishoni mwa 1850 alikuwa akitayarisha somo la kuwaeleza wanafunzi kwa nini mboni ya jicho huonekana nyeusi. Akagundua kwamba mwanga unaoingia jichoni hurudi kwa njia ile ile hadi ulikotoka. Ukitaka kuuona unaporudi, lazima kichwa chako kikae pale taa ilipo, na hapo utakuwa umeiziba taa. Dawa? Weka kioo chembamba kwa mshazari, kirushe mwanga wa taa ndani ya jicho, kisha wewe chungulia kupitia kioo hicho hicho.

Kifaa cha kwanza kilikuwa cha kijuakali kabisa: karatasi ngumu, gundi, lenzi za miwani na vipande vya vioo vya hadubini. Kwa kifaa hicho aliiona retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, ndani ya mtu aliye hai. Alikitangaza mwaka wa 1851. Daktari wa macho Albrecht von Graefe wa Berlin alikidaka upesi, na matibabu ya macho yakabadilika. Mpaka leo daktari anayekumulika jichoni anatumia wazo hilo.

Lakini kinachomhusu anayetaka leza ni kifaa cha pili. Helmholtz alitaka kupima mviringo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Konea hung'aa kama kioo cha kubenua. Ukijua ukubwa wa taswira inayoonekana juu yake, unajua imejipinda kiasi gani. Tatizo ni lile la fundi wa Kiminini: jicho halitulii hata mwenyewe akikazana kutazama mahali pamoja.

Suluhisho lake lilikuwa la ajabu kwa wepesi wake. Aliweka vioo viwili vilivyoinamishwa pande tofauti, taswira moja ikaonekana mbili. Jicho likicheza, zote mbili zinahama pamoja, na nafasi kati yao haibadiliki. Akapima ile nafasi. Hakulazimisha jicho litulie. Alitafuta kipimo kisichojali kucheza kwake.

Maisha hayakumhurumia. Mkewe Olga alifariki mwaka wa 1859, akimwachia watoto wawili wadogo. Helmholtz, wakati huo akiwa Heidelberg, aliendelea na kitabu chake kikubwa kuhusu kuona, kilichokamilika mwaka wa 1867. Humo hakulisifu jicho tu. Alionyesha pia kwamba lina kasoro nyingi, hata lile tunaloliita zima. Alifariki Septemba 8, 1894, akiwa na umri wa miaka 73. Leza ya kwanza iliwaka mwaka wa 1960.

Mwaka wa 1981 wanasayansi watatu wa IBM, Marekani, waliijaribu leza ya urujuanimno kwenye mabaki ya nyama ya bata mzinga wa sikukuu. Ikakata bila kuunguza pembeni. Leza hiyo ndiyo hutumika kwenye konea, na kila mpigo huondoa kama robo ya mikromita. Konea yenyewe ina unene wa karibu nusu milimita. Mwenye namba ya miwani ya kutoa 3 huondolewa takriban mikromita 36, karibu nusu ya unene wa unywele.

Kwa hivyo makali ya mkasi si shida tena. Shida ni kipimo. Ndiyo maana mashine za leo zina kamera inayofuata mboni mara mamia kwa sekunde. Jicho likihama, mwanga unahama nalo, likizidi, mashine inasimama. Nyingine husoma michoro ya lile duara lenye rangi kuzunguka mboni, kwa sababu ukilala chali jicho huzunguka kidogo. Na mwaka wa 1994 watafiti wa Heidelberg, chuo alichofundisha Helmholtz, walionyesha jinsi ya kupima zile kasoro ndogo za jicho zima ambazo miwani ya kawaida haizishughulikii.

Basi ukienda kuulizia leza, usitazame ukubwa wa bango peke yake. Uliza umepimwa mara ngapi, unene wa konea yako ni upi, na kama namba yako imetulia. Ukivaa lenzi za machoni, utaambiwa uzivue siku kadhaa au hata wiki kabla ya vipimo, kwa sababu hubadilisha umbo la konea. Na ukiambiwa konea yako ni nyembamba au inachongoka, kwa hivyo leza haikufai, usinune. Nguo iliyokatwa vibaya Kiminini hununuliwa kitambaa kingine. Konea ukishaikata, hairudi.