Paul Gerhardt, Mtu Aliyetulia mbele za Bwana

Mioyo ya wengi imejaa mashaka. Kwa hiyo yafaa tumkumbuke Paul Gerhardt, mchungaji na mtunga nyimbo wa Ujerumani, aliyejifunza kutulia kwa Mungu katika siku mbaya.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607, katika mji mdogo wa Gräfenhainichen. Alipokuwa na umri wa miaka 11 Vita vya Miaka Thelathini vilianza. Tena akali kijana akafiwa na baba na mama. Mwaka 1628 akaenda Wittenberg kujifunza elimu ya Mungu. Hata mwaka 1637, askari wa Sweden wakauteketeza kwa moto mji wa kwao. Gerhardt akangoja muda mrefu, akifundisha watoto katika nyumba za watu na kutunga nyimbo. Alipowekewa mikono, mwaka 1651, alikuwa na miaka 44.

Mwaka 1653 wimbo wake juu ya Zaburi 37:5 ulipigwa chapa. Aya hiyo yatuagiza kumkabidhi Bwana njia yetu. Wimbo una beti 12, na maneno yanayoanza beti hizo, yakisomwa kwa kufuatana, ni aya yenyewe.

Mwaka 1657 akaitwa kulichunga kanisa la Mtakatifu Nikolai, Berlin. Watu wakampenda sana. Lakini mtawala wa nchi, Friedrich Wilhelm, aliyefuata mafundisho ya Calvin, aliwataka wachungaji watie sahihi kwamba hawatayashutumu mafundisho hayo mimbarini. Gerhardt alikuwa mtu mpole, lakini aliona kwamba kutia sahihi ni kuyaacha maungamo ya Kanisa lake. Akakataa, naye mwaka 1666 akaondolewa kazini.

Watu wa mjini wakamwombea, na mwaka 1667 mtawala akamrudisha pasipo sahihi, akitumaini kwamba ataishika amri vivyo hivyo. Hapo ndipo lilipo jaribu kubwa. Chakula cha nyumba yake kilikuwa mbele yake, wala hakuna aliyemshurutisha kuandika neno. Lakini dhamiri yake haikutulia, basi akaiacha kazi.

Mwaka 1668 mkewe, Anna Maria, akafa. Katika watoto wao 5, wanne walikufa wangali wadogo. Akabaki na mwana mmoja. Mwaka 1669 akaanza kazi Lübben, akahudumu huko mpaka kufa kwake, tarehe 27 Mei 1676.

Ndugu, tusidhani ya kuwa kutulia ni kukosa machozi, wala kukubali kila neno ili tusisumbuliwe. Gerhardt alilia makaburini, tena alikataa amani iliyonunuliwa kwa dhamiri. Zaburi ile ile yatuamuru kunyamaza mbele za Bwana na kumngojea. Basi kila jioni, kabla ya kulala, tumtajie Bwana hofu zetu moja moja, kisha tunyamaze, tukimwachia yeye njia ya kesho.